Miti Iliyozikwa Hai

Taaka alikwangua gome la mvule kwa ncha ya panga, masizi yakamwagikia kiatuni. Akakwangua tena, polepole, kama mtu anayemmenyea mgonjwa kiazi. Chini ya weusi palikuwa na unyevu, na chini ya unyevu palikuwa na kijani. Akafuta panga kwenye sketi ya sare yake, akaokota mkebe wa rangi nyekundu na kuelekea mti wa pili.

"Wewe mama! Huo umeuruka kwa nini?"

Aliyeuliza alikuwa Edgar, mkandarasi wa mbao kutoka Tororo mjini. Moto wa Februari ulikuwa umepita msituni humo kwa siku tano, na mwanzoni mwa Aprili Edgar akaja na kibali cha kuvuna miti iliyokufa. Taaka, mlinzi wa msitu, ndiye aliyepewa kazi ya kuipaka alama miti hiyo. Penye rangi, misumeno ipite. Pasipo rangi, isiguse.

"Uko hai," Taaka alisema.

"Hai? Mti mweusi hivi? Toka chini mpaka juu hakuna jani hata moja."

"Jani itakuja. Mvua imenyesha mara mbili tu. Ndani iko maji."

"Opendi, kuja usikie! Mti iko na maji ndani. Sasa tuite daktari wa hospitali ya Masafu aje aipime?"

Wanaume wa misumeno wakacheka. Kati yao alisimama Owor, mumewe Taaka, msumeno wa injini begani. Hakucheka. Aliinama kuukagua mnyororo wa mashine kana kwamba kuna kitu kimenasa humo.

Opendi, msimamizi wa Taaka kutoka ofisi ya misitu, alikuja akamvuta kando. Kando yenyewe haikuwa mbali. Kila mtu alisikia.

"Kibali inasema miti mia mbili. Umepaka ngapi?"

"Mia moja na kumi na nne."

"Na ingine?"

"Hiyo ingine haijakufa, afande."

Opendi alitazama juu ya kichwa cha Taaka, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza. "Taaka, mkataba yako inaisha mwezi ujao. Mwenye anaandika nani atarudi ni mimi. Usifanye nianze kueleza watu mambo."

"Owor!" Edgar aliita. "Si huyu ni bibi yako? Muambie basi. Ama kwenu ni mwanamke anashika panga?"

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na Owor akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake.

*

Jioni hiyo Owor alioga nyuma ya nyumba kwa maji aliyochota binti yao Shallon, akaja kuketi mlangoni bila kuvaa shati. Yeye alikuwa Mpadhola wa Nagongera, mkewe Msamia wa pale pale Busia, na lugha ya nyumba yao ilikuwa Kiswahili cha soko la mpakani, kilichowakutanisha.

"Mama Shallon, leo umeniaibisha."

"Mimi ndiyo nimetukanwa."

"Mimi ndiyo nimechekwa. Miaka sita nasukuma mizigo ya watu na baiskeli kuvuka mpaka, mgongo imekwisha. Sasa nimepata kazi ya kutembea na miguu kutoka kwangu, na mwenye anataka kuifunga ni bibi yangu."

"Sifungi kazi. Nasema miti iko hai."

"Ngapi?"

"Kando ya kijito peke yake, ishirini na sita. Baba Shallon, hiyo ndiyo inashika udongo. Moto imekula nyasi, imekula majani yote ya chini. Tukitoa na hiyo, maji itashuka na kila kitu."

Owor aliokota kijiti akaanza kujichokonoa kucha. Hakuwa mtu mbaya. Shallon alikuwa na miaka kumi na miwili, mwakani angemaliza shule ya msingi, na walikuwa wamekubaliana kwamba hataishia hapo. Mshahara wa Taaka uliwalisha. Ule wa Owor, aliolipwa kwa kila mti, ndio ulioanza kumnunulia Shallon kesho yake.

"Msitu iko na miti elfu," Owor alisema mwishowe. "Ishirini na sita itafanya nini? Wewe piga rangi. Mimi nakata. Mungu ataotesha ingine."

Taaka aliingia jikoni kusonga ugali, akausonga kwa nguvu mpaka Shallon akamwuliza kama unga umeharibika.

Asubuhi yake alishuka kijitoni na mkebe wake. Hakukwangua gome hata moja. Alipaka mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, macho yakiwa kwenye burashi tu, na alipofika wa ishirini na sita alikuwa anatembea haraka kama mtu anayetoka dukani na kitu ambacho hakukilipia. Kisha akaandika hesabu kwenye daftari la ofisi na kutia saini yake chini. Opendi alipoliona daftari alimpiga bega.

"Unaona? Si ngumu."

*

Ndani ya wiki mbili karibu bonde lote lilikuwa limelala chini.

Taaka alikuwa ameliona bonde hilo baada ya moto, na aliona kwamba hata miti iliyokufa kweli ilikuwa na kazi yake. Ilisimama myeusi, bila majani, lakini vivuli vyake vilivuka ardhi tangu asubuhi hadi jioni, na chini yake miche ya mvule ilikuwa imeanza kutoka jivuni, kila mmoja na majani mawili madogo kama masikio ya panya. Trekta la Edgar lilipita juu ya miche hiyo likiburuta magogo. Lilipita mara moja, likapita mara hamsini, mpaka njia zake zikawa mifereji. Matawi yasiyo na faida yaliachwa marundo marundo. Jua likashuka mpaka kwenye udongo ambao haukuwahi kuliona, udongo ukapasuka, na mahali pa miche zikachomoza nyasi ndefu zile za mabingobingo na vichaka vya lantana.

Kisha mvua ya Mei ikanyesha siku tatu.

"Mama," Shallon alisema akirudi na jerikeni tupu, "maji imekuwa chai ya rangi."

Taaka alikwenda mwenyewe. Chemchemi yao ilijengewa saruji zamani, na bomba lake la chuma lilitoa maji wakati wote wa mwaka, hata Januari. Sasa lilitapika kitu cheusi chenye jivu na vipande vya mkaa. Wanawake kama kumi na watano walikuwa kwenye foleni, na mbele yao alikuwa Benedeta, jirani ambaye shamba lake la mihogo lilipakana na la Taaka.

"Mulembe, mama Shallon," Benedeta alimsalimia, akampa mkono. Kisha hakuuachia. Aliugeuza, akazitazama kucha. Rangi ya mafuta haitoki upesi. "Hii ni rangi ya kucha ama ya miti?"

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa heri. Jerikeni yake ilisogezwa tu nyuma, na mkono ambao hakuona ni wa nani. Zamu yake ilipokaribia, mtoto akapitishwa mbele. Ilipokaribia tena, akapitishwa bibi kizee. Taaka alisimama pale na sare yake ya kijani mpaka jua likawa utosini, na alipofika nyumbani na maji hayo, akayaacha yatulie, tope lilikaa chini kimo cha vidole vitatu.

Tangu siku hiyo Shallon akawa anavuka barabara kuu kwenda kuchota upande wa Busitema, safari ya saa nzima kwenda na kurudi, na mwalimu akamsimamisha mlangoni kwa kuchelewa mara tatu katika wiki moja. Mjukuu wa Benedeta, asiye na umri wa kujua maji yaliyochemshwa na yasiyochemshwa, aliharisha mpaka akapelekwa hospitali ya Masafu kwa bodaboda, amebanwa kati ya dereva na nyanya yake. Alipona. Lakini kwa siku nne ambazo hakuna aliyejua kama atapona, Taaka alikuwa akisikia pikipiki yoyote inayopita na kuacha alichokuwa akifanya.

*

Alhamisi moja Owor alirudi mapema, akasema hataki chakula.

"Unaumwa?"

"Hapana." Alivua buti, akaketi akizitazama. "Leo nimekata moja ya zile za mwisho kijitoni, msumeno ikatapika maji. Maji kabisa, mama Shallon. Imenirukia kwa uso."

Taaka aliweka sahani chini.

"Ikaanguka. Sasa juu kulikuwa na tundu. Ndege hondohondo, jike, amejifungia ndani kuatamia, wameziba na udongo, amebaki na kanafasi ka mdomo tu. Wewe unajua vile wanafanya."

"Najua. Dume ndiyo inamletea chakula."

"Sasa tundu imepasuka, jike ametoka, mabawa haina nguvu, anatembea chini kama kuku. Na ile dume ikakuja." Owor aliinua mkono kuonyesha juu, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila paa la mabati. "Inakuja pale pale juu, mahali mti haiko tena. Inazunguka hewani. Inaenda, inarudi. Na matunda kwa mdomo."

"Na jike?"

"Watu walikuwa na njaa. Ilikuwa mchana."

"Umekula?"

Owor alizisogeza buti kando. "Nimekula," alisema.

Taaka naye ndiye aliyekuwa ameupaka mti huo rangi. Wakabaki hivyo, kila mmoja na sehemu yake, mpaka simu ya Taaka ikalia. Alikuwa Opendi. Mvua ikipumzika, alisema, trekta litahamia mteremko ulio juu ya chemchemi. Anataka miti sitini iliyobaki kwenye kibali iwe na alama kufikia Jumatatu.

"Afande, ule mteremko nimeuzunguka. Iliyokufa ni tisa."

"Sitini," Opendi alisema, na simu ikakatika.

*

Jumamosi mwenyekiti wa kijiji aliita mkutano kwenye uwanja wa shule, kwa sababu ya maji. Edgar alifika na kreti nne za soda na maneno matamu: angechimba kisima cha pampu, angetengeneza barabara, vijana wangepata kazi. Wazee wakapewa viti, wanawake wakaketi kwenye nyasi. Taaka aliketi nyuma kabisa pamoja na Owor. Watu waliacha nafasi ya mikeka miwili kuwazunguka.

Benedeta alisimama. "Mimi sijui barabara. Nauliza, nani alisema miti ya kijitoni imekufa? Maana visiki vinaota. Nimepita jana, nimeona kwa macho yangu. Kitu imekufa inaotaje?"

Watu wakanung'unika. Edgar akamtazama Opendi, na Opendi akasimama, akakunjua karatasi asiyoisoma.

"Ofisi haijaagiza mti hai kukatwa hata mmoja. Hiyo tuelewane. Alama ni kazi ya mlinzi, na daftari ina saini ya mlinzi. Kama kuna kosa, mwenye burashi ajieleze."

Hapo ndipo Taaka alipoelewa lile daftari lilikuwa la nini. Wakubwa wakija kutoka Kampala, au polisi wakija, hawatakuta jina la mtu mwingine.

Alianza kuinuka. Owor akamshika sketi. "Keti," alinong'ona. "Keti, wataongea, itaisha."

Aliinuka hivyo hivyo.

"Nimepaka mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, mtu akapiga kelele kwamba hasikii. "Nimepaka mimi! Ishirini na sita kando ya kijito. Zote zilikuwa hai, na nilijua."

"Ulilipwa ngapi?" kijana mmoja alidakia.

"Mshahara yangu tu."

"Basi wewe ni mjinga!"

Watu walicheka. Taaka alingoja kicheko kiishe. "Ndiyo. Niliogopa mkataba. Lakini Jumatatu nimeambiwa nipake sitini juu ya chemchemi, na huko iliyokufa ni tisa. Hiyo siwezi. Kama hamniamini, pandeni na panga, mkwangue wenyewe."

"Uongo," Opendi alisema kwa utulivu. "Mwenyekiti, huyu anatafuta wa kuangushia lawama. Nani mwingine alisema miti ilikuwa hai? Mtaje mmoja tu."

Taaka alikuwa bado amesimama. Hakuthubutu kumwangalia mumewe. Alijua hesabu yake, alijua mgongo wake, alijua kila siku ya ile miaka sita ya baiskeli.

Akasikia nyasi zikilia pembeni yake.

"Nimekata mimi," Owor alisema. "Zilikuwa na maji."

"Owor," Edgar alimwita taratibu, kama anayemwamsha mtu. "Fikiria."

"Nimefikiria. Zilikuwa na maji, nimeiona mimi, na hawa vijana wako wote wameiona. Waulize." Hakuna kijana aliyeinua uso. "Basi. Niko peke yangu. Lakini zilikuwa na maji."

"Msumeno yangu irudi leo. Leo hii, kabla jua kuzama."

"Itarudi."

*

Jumatatu trekta lilipofika chini ya mteremko lilikuta njia imefungwa. Jerikeni za njano zilikuwa zimepangwa kutoka ukingo hadi ukingo, safu tatu, zote tupu, na nyuma yake wanawake wameketi wakichambua maharage. Dereva alipiga honi. Benedeta akamwambia kwamba akitaka kupita ajaze kwanza, maji safi, jerikeni zote. Dereva alikaa saa mbili, akazima injini, akaenda zake kwa miguu.

Mkaguzi wa misitu kutoka Kampala alikuja Juni, mwanamke anayeitwa Harriet, mkimya, mwenye miwani. Alipanda mteremko siku mbili mfululizo na panga lake mwenyewe. Alikwangua miti yote sitini iliyoungua huko na kuhesabu iliyokufa: kumi na moja. Taaka alikuwa amekosea miwili. Mkaguzi akafuta ruhusa ya mteremko, akaandika kwamba hata hiyo kumi na moja ibaki imesimama, ifunike udongo mpaka midogo ikue. Kijiji kilimshangilia.

Kisha akamwita Taaka kwenye gari lake.

"Nitaandika kwamba ulisema ukweli," alisema. "Lakini pia nitaandika saini ni ya nani. Siwezi kuandika kwamba rangi ilijipaka yenyewe. Unanielewa, mama?"

"Nakuelewa, madam."

Opendi alihamishwa. Edgar alikwenda kuvuna kwingine, na malori yake yaliendelea kuonekana barabarani. Taaka aliitwa ofisini kurudisha sare. Karani mchanga alihesabu sketi, mashati na kofia, akageuza buti juu chini akasema zina udongo, zioshwe kwanza. Taaka aliziosha kwenye bomba la uani huku watu wakipita, akazikabidhi, kisha akatembea hadi nyumbani na malapa aliyoazima kwa mfagiaji.

Owor akarudi mpakani, kwenye baiskeli na mizigo ya watu.

*

Bonde lililokatwa halikurudi kuwa msitu. Kufikia Januari mabingobingo yalikuwa yamempita mtu kimo na kukauka, na chini yake yalilala yale marundo ya matawi, makavu kiasi cha kulia yakikanyagwa. Kila asubuhi Taaka alitoka nje kabla ya kuwasha moto wa chai, akageuza uso kutafuta upepo unatoka wapi. Alimkataza Shallon kuchoma takataka. Aliwakataza majirani, ambao hawakuwa wakimsikiliza. Kuliko majirani aliliogopa lile bonde, kwa kuwa alikuwa amelitembea akijua, na sasa anajua linangoja nini.

Moto ulikuja Jumamosi mchana. Hakuna aliyejua aliyeuwasha. Labda mtu aliyesafisha shamba, labda wawinda panya. Uliingia bondeni na sauti kama ya lori linalopanda mlima, na kwa muda mfupi kuliko ibada moja ya kanisani ulikuwa umelivuka lote. Watu walikimbia na mapanga na ndoo. Vijana wakataka kuukabili nyasini.

"Msiingie humo!" Taaka alipiga kelele. "Humo itawachoma! Pandeni mteremkoni, chini ya miti!"

"Tukimbilie msituni na moto unakuja huko?" mtu aliuliza.

"Kule kuna kivuli, majani ya chini ni mabichi. Itashuka. Tuingoje pale!"

Hakuwa na hakika. Alikuwa amewaita watu arobaini, mumewe akiwa mmojawapo, kusimama mbele ya moto kwa neno lake, yeye ambaye neno lake lilikwisha kuwaharibia maji. Wakapanga mstari, wakafyeka, wakakata matawi mabichi. Moshi ulitangulia. Kisha moto ukatokea ukingoni mwa miti, mrefu kuliko nyumba, na Taaka akashika mkono wa Owor bila kujua ameushika.

Uliruka hatua thelathini, arobaini, pale ambapo upepo wa uwazi ulikuwa umeangusha miti ya pembeni na kukausha ardhi. Halafu ukaanza kuinama. Ukafika kifuani, ukafika magotini, ukawa unatambaa kwenye majani yenye unyevu ukitoa moshi mweupe mzito, na mtu yeyote mwenye tawi angeweza kuupiga. Wakaupiga. Walipiga mpaka jua likawa jekundu, hakuna anayesema, wanakohoa tu.

Mteremko ulibaki. Lakini upande wa pili, ambako hapakuwa na miti ya kuuinamisha, moto ulikuwa umeshuka mashambani. Ulikula jiko la Benedeta na shamba lake. Ulikula shamba la Taaka na Owor pia, mihogo yote waliyokuwa wakiitegemea mpaka mvua.

Benedeta aliketi kwenye jiwe akiwa amefunikwa masizi usoni. Taaka alipopita mbele yake, Benedeta ndiye aliyemsalimia, sauti imekauka. Tangu Mei hakuwa amemsalimia.

*

Wiki mbili baadaye, Jumanne, pikipiki ilisimama uani kwao. Taaka alikuwa jikoni akichemsha viazi vitamu vya mwisho. Kupitia upenyo wa ukuta alimwona mwanamume asiyemfahamu akimpa Owor mkono. Owor alikuwa nyumbani siku ya nne. Mgongo ulikuwa umemlaza.

"Wewe ndiyo Owor wa msumeno?"

"Ndiyo mimi."

"Nimeambiwa hakuna mtu anaangusha mti kama wewe. Kuna msitu huko mbele, nao umeungua. Kibali iko. Mashine iko. Nakupa mara mbili ya ile ya kwanza, na kitu kidogo leo leo, hapa."

Taaka alishika mwiko bila kukoroga. Ndani ya pipa kulikuwa na unga wa bakuli moja tu, wa kula kesho. Barua ya shule ya Shallon ilikuwa juu ya kabati, na alijua kila mstari wake. Angeweza kutoka. Angeweza kusema hapana, au kusema ndiyo, na lolote kati ya hayo lingekuwa na haki. Alibaki palepale, moshi ukimchoma macho.

"Hiyo miti," Owor alisema, "imekufa, ama iko hai?"

"Hiyo si kazi yako kuuliza."

Taaka alisikia kuku akiparua.

"Basi si kazi yangu," Owor alisema.

"Mzee, utajuta."

"Pengine."

Pikipiki iliwaka, ikaondoka. Owor aliingia jikoni akiwa ameshika kiuno, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono apewe sahani. Taaka akampa. Alimwita Shallon. Wote watatu wakala viazi, maganda na yote, na hakuna kati yao aliyejua Alhamisi watakula nini.